Njia ya Gari Ndani ya Uzio Mmoja: Hotuba kwa Wenye Nyumba na Wapangaji

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mtaa, Dodoma)

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, Mheshimiwa Diwani, wajumbe wenzangu wa Baraza la Kata, wazee wetu, ndugu wenye nyumba na ndugu wapangaji, mbukwenyi.

Nashukuru kwa kupewa nafasi ya kuzungumzia jambo ambalo limekuwa likiongezeka katika mashauri yanayoletwa mbele yetu kwa ajili ya usuluhishi, nalo ni ugomvi wa wapangaji wa uzio mmoja kuhusu mahali pa kuegesha magari na njia ya kuingilia na kutokea getini. Naomba nianze na ombi langu lenyewe, ili atakayelazimika kuondoka mapema aondoke nalo. Mwenye nyumba apime eneo lake, aamue ni magari mangapi yanaweza kukaa na yatakaa wapi, aliandike hilo kwenye mkataba pamoja na mchoro, na afanye hivyo kabla ya kupokea kodi ya kwanza. Mengine nitakayosema yote yanatoka hapo.

Sote tunaujua mji huu ulivyokua. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini kwa zaidi ya miaka arobaini mambo yalikwenda taratibu, mpaka Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi kuanzia mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika iliyokuwa Manispaa. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 765,179 katika Jiji. Watu hao wanahitaji mahali pa kuishi, na wengi wao wamepanga. Nyumba nyingi za Area C, Chadulu, Nkuhungu na kwingineko zilijengwa kwa ajili ya familia moja yenye gari moja au isiyo na gari kabisa. Leo nyumba hiyo hiyo imegawanywa pande mbili, nyuma yake vimejengwa vyumba vinne vyenye choo ndani, na uzio haujasogea hata hatua moja. Mtumishi anayefanya kazi katika Mji wa Serikali kule Mtumba, akiwa anaishi upande wa pili wa jiji, hawezi kulichukulia gari lake kuwa anasa. Analihitaji ili awahi kazini, na jirani yake wa ukuta kwa ukuta analihitaji kwa sababu hiyo hiyo na kwa saa ile ile. Familia sita zinapotaka kutoka kwenye geti moja kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, hapahitajiki mtu mkorofi ili ugomvi utokee.

Kwa hiyo naomba tuache kusema kwamba wapangaji wa siku hizi hawana ustaarabu. Katika mashauri niliyoyasikiliza, watu wawili wanaotupiana maneno getini mara nyingi ni watu wema wawili ambao kila mmoja aliahidiwa eneo lile lile.

Mpangaji anapolipa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima, halipii chumba peke yake. Analipia pia uwezo wa kukifikia chumba hicho. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu cha 88, inamwekea mpangishaji wajibu wa kumwacha mpangaji atumie kwa amani na utulivu kile alichopangishwa, bila kuingiliwa na mpangishaji mwenyewe wala na mtu anayedai haki kupitia kwake, maadamu mpangaji analipa kodi na kutimiza masharti yake. Mtazamo wangu ni kwamba mpangaji wa chumba cha pili anayeziba njia ya mpangaji wa chumba cha tatu yumo ndani ya uzio ule kwa ruhusa ya mwenye nyumba, na kwa sababu hiyo mwenye nyumba hawezi kukaa pembeni akasema, "Malizaneni wenyewe, mimi nataka kodi yangu." Yeye ndiye aliyewaweka pamoja, na yeye ndiye mwenye mamlaka ya kugawa eneo ambalo wao hawana mamlaka ya kugawiana.

Sasa tuje kwenye kupima, maana hapa ndipo penye kosa kubwa, na wengi wetu hatujawahi kuchukua futi kamba ya fundi tukapima ua tunaoupangisha. Gari dogo kama Toyota IST lina urefu unaokaribia mita 3.9 na upana wa mita 1.7, na Noah lina urefu unaozidi mita 4.5. Ukiongeza nafasi ya kufungua milango na kupita, kila gari linahitaji mstatili wa mita 2.5 kwa mita 5. Wengi huishia hapo, wakagawanya ua kwa mistatili hiyo na kutangaza kwamba nyumba ina maegesho ya magari sita. Wanachokisahau ni nafasi ya kugeuzia, kwa kuwa gari lililoegeshwa likiielekea nyumba linahitaji takriban mita 6 nyuma yake ili litoke bila kugusa ukuta wala gari la mwenzake. Mita 5 za gari na mita 6 za kugeuzia zinakuwa mita 11.

Chukueni kiwanja cha mita 20 kwa mita 30 ambacho nyumba kubwa imekaa katikati na ua wa mbele una kina cha mita 8. Kwenye ua huo magari hayawezi kupangwa ubavu kwa ubavu yakiielekea nyumba, kwa sababu la kwanza kuingia halitatoka mpaka mengine yaondolewe. Kinachowezekana ni kuyaegesha sambamba na ukuta wa barabarani, kila moja likichukua urefu wa mita 6, na ukishatoa mita 4 za geti unabakiwa na nafasi ya magari mawili. La tatu linaweza kukaa ubavuni mwa nyumba iwapo hapo hapapiti njia ya wapangaji wa nyuma. Hiyo ndiyo hesabu ya kweli ya ua huo. Dalali anayempeleka mteja kuuangalia saa nne asubuhi, magari yote yakiwa kazini, ataona uwanja mpana na atasema kwa moyo mweupe kwamba paking ipo ya kutosha. Ndiyo maana nawaomba wapangaji mnaotafuta nyumba mwende kuiona usiku, watu wakiwa wamesharudi, na mwende na gari lenyewe mliingize na kulitoa, kabla hamjatoa fedha yoyote.

Baada ya kupima mahali pa magari, ipimwe njia. Njia inayotoka getini kwenda nyuma iwe na upana wa angalau mita 3.5, ichorwe kwa chokaa au ipangiwe mawe pembeni, na ieleweke kwa kila anayeishi humo kwamba pale hapaegeshwi chombo chochote, hata kwa dakika tano za kushusha mizigo, ikiwa dereva hayupo kwenye usukani au karibu nao. Mchoro hauhitaji mtaalamu. Karatasi moja ya daftari inayoonyesha geti, nyumba, njia, na mistatili yenye namba za vyumba inatosha kabisa, mradi pande zote mbili ziweke saini kwenye karatasi hiyo na kila mpangaji awe na nakala yake.

Naomba niwaeleze shauri moja, bila kutaja watu wala mahali. Uzio ulikuwa na familia sita, na maji ya bomba yalikuwa yakitoka kwa mgao, hali ambayo wakazi wa Dodoma hatuhitaji kuelezwa. Familia zile zikachangishana na kuagiza boza la lita elfu kumi. Boza lilipofika asubuhi, gari la mpangaji mmoja lilikuwa limesimama katikati ya njia, hatua chache tu ndani ya geti, na mwenyewe alikuwa amepanda basi alfajiri kwenda Singida na funguo zikiwa mfukoni mwake. Wakajaribu kuuvuta mpira wa boza kupitia ubavuni mwa gari, lakini haukufika kwenye tangi. Wakajaribu kulisukuma gari, lakini usukani ulikuwa umefungwa. Dereva wa boza akasubiri kadiri alivyoweza, kisha akaondoka na maji yake, akadai fedha ya safari. Aliporudi yule mpangaji siku ya pili, ndoo zilikuwa tupu na maneno yalikuwa yameshasemwa mengi, hadi ya kabila na ya kazi ya mtu, na ni hayo maneno zaidi ya maji yaliyowafikisha kwetu.

Tulipoomba kuuona mkataba, tuliukuta una ukurasa mmoja, na kuhusu eneo la nje ulikuwa na sentensi hii tu: "Mpangaji atatunza usafi wa mazingira." Mpangaji aliyesafiri alituuliza swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu: ni wapi alipoambiwa aegeshe? Aliegesha pale palipobaki usiku aliporudi. Mwishowe mwenye nyumba alikubali kulipia safari ya boza na kuchora mipaka, na mpangaji akakubali kuacha ufunguo wa akiba kwa jirani kila anapolala nje ya mji. Naona sharti hilo la ufunguo linafaa kuandikwa kwenye kila mkataba wa nyumba yenye magari yanayokaa moja nyuma ya jingine.

Nimetaja boza, lakini liko pia gari la kunyonya maji taka, ambalo nyumba zetu nyingi haziwezi kuishi bila hilo, na liko gari la Zimamoto, ambalo siku utakapolipigia simu namba 114 hutakuwa na muda wa kutafuta ni nani mwenye Noah. Lori la kawaida lina upana unaokaribia mita 2.5 bila kuhesabu vioo vya pembeni. Njia yenye mita 2.3, ambayo gari dogo linapita vizuri, ni ukuta kwa magari hayo yote matatu. Na kuhusu shimo la maji taka lenyewe, naomba kila mwenye nyumba aende leo akaangalie mfuniko wake uko wapi, kwa kuwa mafundi wengi huchimba mbele ya nyumba ili gari la kunyonya lifike kwa urahisi, na hapo mbele ndipo tunapokuja kuegesha. Zege lililomwagwa ili mtu apite juu yake halikukusudiwa kubeba gari lenye uzito unaozidi tani moja, usiku na mchana, mwaka hadi mwaka. Eneo la shimo lizungushiwe mawe makubwa na liondolewe kabisa katika hesabu ya maegesho.

Ndugu Mwenyekiti, jambo gumu zaidi ni la viwanja vilivyokatwa. Mtu ana kiwanja kirefu, anauza nusu ya nyuma, na anamwambia mnunuzi kwamba atapita ubavuni mwa nyumba ya mbele. Wanaaminiana, wanapeana mikono. Mnunuzi anajenga vyumba vya kupangisha huko nyuma. Miaka inapita, mzee wa mbele anafariki, watoto wanaamua kujenga fremu za maduka upande wa barabarani, na njia iliyokuwa ya mita 4 inabaki uchochoro wa pikipiki. Wapangaji wa nyuma, ambao hawakuwahi kumwona huyo mzee na hawajui makubaliano yake, wanaamka siku moja magari yao yakiwa ndani na matofali yakiwa nje. Hapo hatusuluhishi tena mpangaji na mpangaji; tuna wamiliki wawili, warithi, na watu wasio na hatia waliolipa kodi ya mwaka mzima.

Sheria ya Ardhi inatambua haki ya mwenye ardhi moja kupita katika ardhi ya jirani yake, na inaruhusu haki hiyo iandikwe na kusajiliwa, ili imfunge pia yule atakayenunua au kurithi baadaye. Vilevile, kukata kiwanja kilichopimwa kunahitaji kibali cha mamlaka ya upangaji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na moja ya faida za kupitia utaratibu huo ni kwamba afisa mipango miji atauliza mapema kiwanja cha nyuma kitafikiwa kwa njia gani. Kwa hiyo wenye nyumba mnaotegemea njia inayopita kwa jirani, msingoje jirani abadilike. Nendeni kwake wakati mnaelewana, mkapime upana, mkaandike, kisha mkafuate usajili katika ofisi ya ardhi. Na mpaka hilo likamilike, mwenye nyumba wa nyuma ana wajibu wa kumweleza mpangaji mpya ukweli kwamba njia hiyo ni ya hisani. Kumficha mtu jambo hilo na kupokea kodi yake ya miezi kumi na miwili ni dhuluma, na sitaki kulisema kwa upole.

Yapo mambo madogo ambayo nitayapitia kwa haraka. Ufunguo wa geti uwe nao kila mpangaji, na saa ya kufunga ikubaliwe na wote, pamoja na wauguzi, walinzi na madereva wanaorudi usiku wa manane. Pikipiki na bajaji zipewe mahali pake pa kudumu mbali na madirisha ya vyumba vya kulala, kwa sababu injini inayowashwa saa kumi alfajiri chini ya dirisha la mtoto ni kero ya kweli. Wageni waegeshe nje ya geti bila kuziba mtaro wala barabara. Msiba ukitokea, sote tunajua turubai litasimama katikati ya ua na magari yatatoka yaende kwa majirani, na sijawahi kupokea malalamiko juu ya hilo. Lakini kwa sherehe, mwenye shughuli awaarifu wenzake siku kadhaa kabla.

Kivuli ninakipa nafasi zaidi kidogo. Kwa jua letu hili, mahali pamoja chini ya mwarobaini pana thamani kuliko mahali pengine pote uani, na nimeona watu wakirudi nyumbani mchana kwa ajili ya kuwahi kivuli tu. Mwenye nyumba akitaka kupaongezea bei kidogo mahali hapo na kupaandika kwenye mkataba wa mmoja, sioni ubaya. Asipotaka, papokezanwe kwa mwezi, na zamu zibandikwe karibu na geti. Lisiloruhusiwa ni kukaa kimya.

Mpangaji mwenye ulemavu, au anayeishi na mzazi asiyeweza kutembea vizuri, apewe mahali palipo karibu zaidi na mlango wake, na hapo pasiwe na zamu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeshaweka msingi wa kufikika kwa majengo, na hata isingekuwepo, hatuhitaji kusukumwa na sheria ili tumpe nafasi mama anayeshushwa garini kwa kubebwa.

Kuhusu gharama, mvua zetu huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi karibu Aprili, na sehemu zenye udongo wa mfinyanzi magari huchimba mifereji ambayo huelekeza maji kwenye vizingiti vya milango. Kumwaga kokoto au kuweka pevingi ni kuiongezea thamani mali ya mwenye nyumba, kwa hiyo ni kazi yake. Akiwaomba wapangaji wachangie, mchango huo ukatwe kwenye kodi na uandikwe kwenye risiti. Oili iliyomwagika, ukuta uliogongwa na geti lililopindishwa ni juu ya aliyefanya.

Sasa, ugomvi ukishatokea, nawasihi wote wawili, mwenye nyumba na mpangaji, msijichukulie sheria mkononi. Kumtolea mtu upepo wa matairi, kumkwaruza gari au kulivunja kioo ni kuharibu mali kwa makusudi, na hilo ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kulifungia gari la mpangaji ndani kwa mnyororo kwa sababu anadaiwa kodi nako kunamweka mwenye nyumba mahali pabaya, hata kama deni ni la kweli. Aliyezibiwa njia apige picha inayoonyesha siku na saa, amwandikie mwenye nyumba, hata kama ni ujumbe wa simu, na ampe muda wa kulishughulikia. Likishindikana, aende kwa Mwenyekiti wa Mtaa. Likishindikana hapo, alete shauri Baraza la Kata.

Naomba mfahamu kwamba tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi. Kazi yetu ni kusuluhisha, tukikaa wajumbe watatu na angalau mmoja akiwa mwanamke, na tuna siku 30 za kufanya hivyo. Tusipofanikiwa tunathibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana, na mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wapo wanaoona kwamba kwa mabadiliko hayo tumepungukiwa nguvu. Mimi naona kwamba kwa migogoro ya geti usuluhishi ndio unaofaa zaidi, kwa sababu hukumu humpa mmoja ushindi na wote wawili watalala tena ndani ya uzio ule ule usiku huo huo. Lakini msuluhishi anahitaji kitu cha kushika mkononi. Mkituletea mkataba wenye mchoro, mara nyingi shauri linaisha pale pale kwenye meza. Mkituletea maneno ya dalali, tutabaki kuuliza nani alifika wa kwanza.

Ndugu Mwenyekiti, limebaki suala la magari mabovu yaliyowekwa juu ya mawe. Mengine yameachwa na wapangaji walioshahama, na yanachukua nafasi ambayo mpangaji wa sasa anailipia. Mwenye nyumba asiliuze wala kulikatakata gari hilo kwa uamuzi wake. Amwandikie mwenye gari akimpa muda maalumu wa kuliondoa, nakala ya barua ipelekwe ofisi ya Mtendaji wa Mtaa, na asipojitokeza, suala lifuate hatua nilizozitaja. Kwa mikataba mipya, iandikwe wazi kwamba chombo kisichotembea hakitakaa uani zaidi ya siku zitakazokubaliwa na pande zote mbili. Nimemwachia Mtendaji mfano wa mchoro wa ua wenye geti moja na vyumba sita, na yeyote anayetaka kuunakili anaweza kuuomba ofisini kwake. Naomba kuwasilisha.